Nyuzi Mbili Chini ya Dashibodi

Siku ambayo Fundi hakuja, mshonaji alivaa gauni la bluu, akapaka wanja, akakaa mlangoni mwa duka lake akijifanya anapinda pindo. Walikuwa wamenuniana wiki nzima. Jana yake ndiyo kwanza mshonaji alikubali kupokea simu yake.

"Bibi Taa," Fundi alisema, "kesho nakuja kuirekebisha ile kengele. Na nina jambo la kukwambia."

"Sema sasa hivi."

"Hili ni la uso kwa uso. Vaa lile la bluu."

"Nani kakwambia navaa kwa ajili yako?"

Fundi alicheka, na hicho kikawa kicheko chake cha mwisho mshonaji kukisikia. Mchana ulipita, alasiri ikapita. Jua lilipozama simu iliita. Alikuwa dada yake Fundi, sauti imemkauka kwa kulia. Fundi alikuwa ameinamia injini ya gari la mteja, akasema kifua kinambana, akaomba maji. Yalipoletwa, hakuyahitaji tena.

Mara ya kwanza walikuwa wamekutana kwenye maegesho ya soko. Gari la mshonaji lilikuwa limekufa katikati ya njia, kiti cha nyuma kimejaa sare za shule, honi zikimzomea kila upande. Akatokea mwanamume mrefu mwenye ovaroli lililopauka na waya za kushtulia betri begani.

"Dada, umeziacha taa zinawaka."

"Zilikuwa zinanisubiri."

"Zimechoka kusubiri. Hata mimi ningezima."

Mshonaji alicheka akiwa na hasira zake. Kosa hilo la kusahau taa alilirudia mara nyingi, hata Fundi akambandika jina la Bibi Taa. Mapenzi yakaingia humo humo, kati ya betri na betri. Kila asubuhi simu iliita.

"Leo umevaa rangi gani, mpenzi?"

"Nyekundu."

Wakikutana, Fundi alimsifu: "Hiyo nyekundu imekukaa." Siku moja mshonaji alimtega. Alisema nyekundu, akavaa kijani kibichi. Fundi alimtazama toka mtandio hadi viatu, akasema nyekundu iliumbwa kwa ajili yake. Mshonaji alicheka hadi akaegemea cherehani. Alidhani amejibiwa utani kwa utani.

Kengele waliitengeneza juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya chaki na mkasi. Vitu vyenyewe vilikuwa vichache: kengele ndogo ya plastiki, waya mbili, na diodi, kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Fundi alimshika mkono, akamfundisha kulehemu.

"Waya mmoja unakwenda kwenye taa, mwingine kwenye swichi ya ufunguo. Ukizima gari ukasahau taa, inalia. Ukibadilisha waya, inakaa kimya kama mkwe ukweni."

"Mkwe gani?"

"Mimi. Kwenu. Siku ikifika." Akapuliza moshi wa risasi ya kulehemia. "Ila ikishafanya kazi, utaniita kwa lipi?"

Waya zote mbili zilikuwa nyeusi, kwa hiyo mshonaji alizifunga nyuzi: mwekundu wa taa, wa kijani wa ufunguo. Fundi akajiingiza chini ya dashibodi. Betri ilikuwa imetolewa, bado inachajiwa, hivyo hapakuwa na umeme wa kujaribia. Yeye aliyezoea kupima kila waya mara mbili, hadi mafundi wenzake wakamcheka, alizishika zile nyuzi, akatulia kidogo, kisha akaunga.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha. Mshonaji aliweka betri, akawasha taa, akapeleka gauni kwa bibi harusi. Alipozima gari, kengele haikulia, naye akaiamini. Aliingia kumrekebisha bibi harusi kiuno, akakawia. Alipotoka, gari lilikuwa limekufa, na magauni ya wasimamizi, waliokuwa wakisubiri ng'ambo ya mji, yamo ndani yake. Wasimamizi wakaenda harusini na nguo walizokuwa nazo mwilini.

Fundi alikuja mbio, akachungulia chini ya dashibodi, akazitazama nyuzi kwa muda mrefu.

"Ulifanya makusudi," mshonaji alisema. "Ulisema kwa kinywa chako, nitakuita kwa lipi. Umenifanya mchezo."

"Nisamehe."

"Basi? Huna jingine?"

Fundi alianza kukusanya vifaa vyake.

"Nenda," mshonaji akasema.

Baada ya mazishi, dada mtu alikuja dukani na mfuko wa vifaa vya marehemu.

"Wifi," alisema, na mshonaji alishtuka, maana hakuwahi kuitwa hivyo. "Aliwahi kukwambia habari ya macho yake?"

"Macho yana nini?"

"Nyekundu na kijani kwake vilikuwa kitu kimoja. Tangu utotoni. Fundi wa umeme mwenye macho hayo, nani angempa gari lake? Ndiyo maana alipima kila kitu."

"Mbona waya zangu hakuzipima?"

"Betri haikuwepo. Na wewe ulishamwambia rangi, akaona haya kukuuliza tena. Akakisia." Dada mtu alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Alikuwa aje akwambie. Kisha sisi tuje kwenu. Alisema hawezi kuoa mtu asiyeyajua macho yake."

Mshonaji alilikunja na kulikunjua gauni lililokuwa mapajani.

"Na bluu?" aliuliza mwisho.

"Bluu aliiona vizuri."

Dada mtu alipoondoka, mshonaji alichukua koleo, akalala chali chini ya dashibodi. Alizikata zile nyuzi, akazibadilisha waya, akaviringisha utepe kama alivyofundishwa. Akawasha taa, akachomoa ufunguo. Kengele ikalia. Aliiacha ilie hadi muuza duka wa jirani akaja kuuliza kulikoni.

"Inafanya kazi," alimjibu, akazima taa.

Siku hizi gari lake linawaka kila asubuhi. Waya wa taa una uzi wa bluu, wa ufunguo una uzi mweupe.