Miche Isiyoogopa Jua

Subaru ya mpelelezi Kui ilitoka Thika ikinguruma, breki ikikumbukwa kwa nadra. Mbele yake Probox nyeupe ilikata kona ghafla, ikaingia Mugutha.

"Mkuu, amechepuka kuingia Mugutha," Kui alisema redioni.

"Usimpoteze," Mulei alijibu. "Mnunuzi wake anapanda ndege leo. Ova."

Njau, fundi wa maabara aliyekuwa kwenye Probox, alikuwa ameiba miche ya maharagwe. Cheka ukitaka. Kwenye vinundu vya mizizi ya miche ile waliishi bakteria wanaoilisha naitrojeni ya hewani. Bakteria wa kawaida hulegea udongo ukichemka, na majani huwa manjano. Hawa walistahimili joto. Akiba yote ya maabara Njau aliichoma moto wiki iliyopita ili yake ibaki pekee, kisha akajificha.

Kui alikuwa na uchungu wake. Kule Murera maharagwe ya mama yake yalikuwa yameungua tena kwa jua, na leo broka alikuwa anakuja kununua shamba, alikate ploti za kuuza. Shamba alikolelewa!

Probox ilikuwa imesimama kando ya kitalu cha miche. Njau alikuwa mlangoni, anahema.

"Miche iko wapi?" Glock ya Kui ilimwelekea kifuani.

"Hapo ndani, madam. Lakini niliichanganya na maharagwe ya kawaida. Yote yanafanana. Utang'oa mpaka Krismasi."

Kui alimsukuma mbele, wakaingia.

Mifuko myeusi ya plastiki yenye miche ilijaa uwanja mzima, juani, bila kivuli. Jua la wiki nzima lilikuwa limeupika udongo. Manjano. Manjano. Manjano.

Halafu hapa na pale, kijani kibichi.

Njau aliachama. Mtu wa maabara yenye kiyoyozi, hakuwahi kufikiria kwamba mfuko mweusi ni sufuria.

Kui alitoa kisu, akapasua kinundu kwenye mche wa kijani. Ndani kilikuwa chekundu: bakteria walikuwa hai. Akamfunga Njau pingu.

"Mkuu, mzigo tunao. Tuma pikapu."

"Yenye friji?"

"Ya nini? Hawa hawaogopi jua. Ova."

Akampigia mama yake simu Murera.

"Maitũ, broka amefika?"

"Yuko hapa, anakunywa chai. Kalamu ameshatoa."

"Usiweke sahihi, maharagwe yasiyoungua yamepatikana. Mwache amalize chai, kisha mfungulie geti aende."

Pikapu ilipofika, akavaa miwani ya jua, akaondoka na Njau taratibu.