Mkono Aliouchagua Mwaisha

Magharibi ilikuwa inaingia Mwaisha aliposhika panga kwenda kukata majani ya mgomba ya kufunikia wali wa arobaini ya bibi yake. Alikuwa ameifunga meza yake ya mitumba kule mjini, Mwembesongo, akapanda milima ya Uluguru na mwanawe Hamza mgongoni. Ukoo ulimtaka arithi jina la bibi.

Jina lenyewe lilimtisha. Wajukuu waliolelewa na bibi yule walizikwa na alama za vidole shingoni.

Akakata jani la kwanza.

Harufu ya ugoro... Ugoro wa bibi.

Mkono wake wa kulia ukainuka. Hakuuinua yeye. Panga likageukia nyuma, mgongoni, alikolala Hamza.

“Nisaidieni!”

Alikimbilia uani, mkono ukimpigania. Mjomba Mwinshehe, mtoto wa marehemu, alirudi nyuma.

“Jina limeshaingia, mwanangu,” alinong'ona. “Wewe sasa ni kiti chake, anakukalia. Kiti hakiulizwi.”

Aliyemsogelea ni Tomasi peke yake, mtani wa ukoo, yule aliyevua sweta asubuhi ili mtoto asipigwe na baridi. Akamchomoa Hamza kwenye kanga, akamkumbatia. Panga likashuka. Likapasua bega la Tomasi mpaka mfupa ukaonekana.

Hakumwachia mtoto. Akaanza kumtukana marehemu, kama mtani anavyoruhusiwa.

“We kizee! Umekufa na bado unadoea! Kama ni njaa, kula mkono huo, mtoto mwache!”

Mtu mmoja akacheka. Kisha akajiziba mdomo.

Neno la mtani kwenye msiba halirudishwi. Tomasi mwenyewe aligutuka.

“Dada, nilitania tu...”

“Umesema, kaka. Na mimi nakubali, aule. Sitakuwa kiti cha mtu.”

Mwaisha akapiga magoti kwenye gogo la kupasulia kuni. Akaubana mkono wa kulia kwa goti. Mkono wa kushoto ukalinyakua panga.

Pigo moja.

Kiganja kilidondoka kwenye majivu ya jiko la uani. Vidole vikachakura, vikachakura... vikatulia.

Tomasi, damu ikimchuruzika, alichana shati lake akamfunga Mwaisha kwanza. Mjomba alilia, akamfunika kwa kanzu yake. Harufu ya ugoro ilikuwa imekwisha. Wakamwekea Hamza mapajani.

“Nimechagua mwenyewe, mjomba,” alisema Mwaisha, akitabasamu kwa maumivu.

“Ndiyo, mwanangu.” Mjomba alilitazama lile gogo, lililokatika kama mhogo. “Kumbe unatumia kushoto?”

“Mimi? Hata kiberiti siwezi kuwasha kwa kushoto.”

Mjomba akasogea nyuma.

“Mjomba, nini?”

“Mama... alikuwa mashoto.”

Upepo ulishuka kutoka mlimani, na ugoro ndani yake.

Mwaisha akainamisha macho. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshafika shingoni kwa Hamza, ukimbembeleza polepole.