Vidonge vya Njano vya Mwalimu Avelina

Ofisi ya vifurushi ya stendi ya Makambako haikujengwa kwa ajili ya mapenzi. Ina kaunta moja na karani mmoja mwenye mafua, na asubuhi ile watu walisukumana humo kana kwamba wokovu unatolewa kwa foleni. Kasimiri, muuza mbao kutoka Njombe, aliponyoosha mkono kuchukua boksi alilodhani ni lake la misumeno, alikuta mkono mwingine umeshalishika.

Ulikuwa wa msichana aliyevaa sweta ya zambarau, sketi ndefu ya kijivu na buti za mvua zilizopigwa kiwi, jambo ambalo Kasimiri hakuwahi kuliona duniani.

"Kaka, hilo langu. Ukilidondosha nitakulilia mpaka Njombe."

"Kuna nini humo, dada?"

"Chumvi ya fedha."

Kasimiri alijua chumvi ya mezani na chumvi ya ng'ombe. Aliona heri asiulize zaidi. Alimbebea boksi, akaomba namba ya simu, na misumeno yake akaisahau kauntani.

Msichana aliitwa Avelina, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Njombe, aliyekuwa akisomea shahada ya pili kwa kupima vidonge vya njano alivyovikandamiza kutoka kwenye chumvi ile. Jioni walipigiana simu, na kila jioni Kasimiri alirudi palepale.

"Hicho kidonge chako, mpenzi, ni kigumu au kimiminika?"

"Kigumu."

"Mbona unasema kinatiririka?"

"Ndani, baba. Ayodini imesimama mistari kama wanafunzi paredi. Ayoni za fedha ndizo zinazopenyapenya katikati. Lakini mpaka kipite nyuzi 147 za joto. Chini ya hapo zimekwama."

Kasimiri alijibu kwamba ameelewa. Ulikuwa uongo mtakatifu. Kilichomkosesha usingizi ni jambo jingine: alishamuuliza Avelina kama ataolewa naye, naye akamwambia asubiri kwanza vidonge vipimwe. Msimamizi wa chuo angekuja kushuhudia. Sindano ya mita ya umeme isiporuka vidonge vikipashwa moto, Avelina angerudia mwaka, na ndoa ingesubiri pamoja naye.

Basi ukungu ukaikalia Njombe kwa siku nyingi. Ijumaa moja Kasimiri alikuwa maabara akimngoja Avelina amalize kipindi. Kabatini aliona vidonge vya njano vimelowa jasho la ukungu, na nje jua likachomoza. Mtu wa mbao huwa hajadiliani na unyevu. Alivipanga vidonge dirishani, juani, akaweka njiti za kiberiti katikati yake ili hewa ipite, kama anavyopanga mbao zake uani, akakaa pembeni kusubiri pongezi.

Avelina aliporudi, vidonge vilikuwa vya kijivu kama meno ya maiti.

"Nani alikutuma?"

"Vilikuwa na unyevu, mpenzi."

"Vinakaa gizani, Kasimiri. Mwanga unaviharibu."

"Nikivipiga randa kidogo?"

Avelina alichukua mkoba wake, akaondoka.

Tangu hapo simu iliita bila kupokelewa. Kasimiri alituma ujumbe wa salamu, "kamwene, mpenzi", ukasomwa, ukanyamaziwa. Hezekia, fundi wake wa randa, alimshauri apeleke maparachichi. Akapeleka mfuko mzima. Avelina aliyapokea getini kwa mikono miwili, akarudisha mfuko mtupu, akafunga geti. Kasimiri alirudi nyumbani akijiuliza kama ule ulikuwa msamaha au njaa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, simu iliita yenyewe.

"Njoo maabara. Una mabega mapana, utaziba dirisha."

Alizibia dirisha kwa mgongo na koti lake la mtumba, kwa heshima zote za pazia. Avelina alikuwa ametengeneza vidonge vipya kwa chumvi iliyobaki. Mzee Valeriani, msimamizi, aliketi akiitazama mita. Tanuri likapanda nyuzi 140, 145, sindano imelala. Kisha ikaruka kama imechomwa mwiba. Mzee akasema, "Imepita," akatoka kutafuta chai.

"Kimeyeyuka?" Kasimiri aliuliza.

"Hapana. Ni kigumu vilevile. Ndani tu ndiko hakukaliki."

Kasimiri alimtazama usoni asipate kitu. Uso ulikuwa mkavu kama ubao wa msonobari.

"Bado umenikasirikia?"

"Sana."

"Sasa nifanyeje?"

"Kesho uvae shati la mikono mirefu. Baba anakusubiri nyumbani Kitandililo baada ya misa."

"Amejuaje kama nakuja?"

"Nilimwambia mwezi uliopita. Mama ameshaagiza pombe ya ulanzi."

Kasimiri alihesabu mambo yake kichwani, yakakataa kulingana. "Lakini Avelina, wiki nzima hukupokea simu."

"Nilinuna. Nani alikwambia nimeghairi?"

Akakalia stuli, mposaji aliyepata habari za posa yake baada ya wakwe. Tanuri likaanza kupoa na sindano ikateremka. Alishtuka, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiguse kitu," alisema Avelina, akaushika ule mkono, na hakuuachia hata Mzee Valeriani aliporudi na chai.