Mchimbaji wa Dirishani

Alitumwa kuchukua kadi ya bima ya kaka yake tu. Kadi, basi.

"Usiende kubishana na watu," mama alimwonya akiwa mlangoni. "Chukua, aga, urudi."

Mama alimjua bintiye. Chuoni aliongoza timu ya mdahalo, na nyumbani kaka yake alimbatiza Wakili, maana hata ukimwambia jua limekuchwa atakuuliza ushahidi uko wapi.

Kaka mwenyewe sasa alikuwa kitandani. Tangu aache kazi hakuongea tena. Macho kwenye dari, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikigonga godoro. Gonga, gonga... kimya... gonga. Hospitali walitaka kadi, na kadi aliisahau kwenye droo kazini.

Kazini kwenyewe kulikuwa juu ya duka la rangi. Giza lilikuwa linaingia Wakili alipopanda ngazi. Harufu ilimpokea kabla ya mtu: vumbi lililoungua, waya wa moto, na kitu kingine... kama shuka la mgonjwa wa homa.

Ndani, kompyuta zilipangwa ukuta hadi ukuta. Kwenye kila kioo mchimbaji mdogo mwenye kofia ya bati alipiga mwamba. Mbele yao viti vilikuwa vitupu. Feni zilivuma. Sululu zililia.

Ko. Ko. Ko.

"Shikamoo," alimwambia fundi wa mashine, mzee aliyefunga miwani yake kwa uzi.

"Marahaba. Wewe ndiye Wakili." Hakuuliza. "Droo ile pale. Ukishapata, nenda, mwanangu."

Angeenda. Lakini ulimi wake lini ulikubali kutumwa?

"Hawa ndio kaka aliokuwa akiwaita misukule?"

"Utani wa kazini huo. Ni programu. Zinachimba dhahabu ya mchezo usiku na mchana, tajiri anaiuza kwa mlango wa nyuma."

"Na wenye mchezo wamekataza."

"Wakizigundua wanazifuta. Ndiyo maana tunazifundisha kwa mkono wa mtu. Mtu anacheza, mashine inaukariri mkono wake, hata anavyosita. Kaka yako alikuwa na mkono mzuri sana."

Basi akachemka. "Huo ni wizi, mzee wangu! Watoto wa watu wanachimba kwa jasho lao, nyinyi mnamwaga dhahabu ya magendo sokoni mpaka jasho hilo halinunui hata upanga wa mbao. Halafu mnachukua mkono wa mtu, mkimaliza mnamrudisha nyumbani kama ganda la muwa! Kwa idhini ya nani? Kwa..."

Kidole chake kilikuwa kimeinuka juu, kama jukwaani. Kikakwama hapo.

Mchimbaji wa dirishani, kwenye kioo kilichokaa kando ya dirisha.

Ko, ko... kimya... ko.

"Kaka?"

Sululu ilisimama. Mchimbaji akageuka. Hakuwa na uso wa maana, nukta mbili tu mahali pa macho, lakini nukta zile zilimtazama yeye. Juu ya kofia maneno yakajitokeza, herufi moja moja.

Wakili... nitoe.

"Usimjibu," fundi alinong'ona.

"Nani kaandika?"

"Sijui. Wallahi sijui. Lakini aliyekuwa kwenye kiti cha kona, siku mchimbaji wake alipofutwa humu ndani... kwao walilia msiba."

Kioo cha mwisho ukutani kikazimika. Kikafuata cha pili yake. Kwenye vioo vilivyobaki, mtu mrefu mwenye joho jeupe alikuwa akipita mgodini, akiinamia kila mchimbaji.

"Mlinzi wa wenye mchezo," fundi alisema. "Anakagua. Asiyejibu anafutwa."

"Anatokaje salama?"

"Atembezwe kwa mkono wa mtu mpaka langoni. Lakini mashine hiyo, mwanangu, bado inakariri..."

Alikuwa ameshaketi. Pembeni mwa kipanya kitaa chekundu kiliwaka, kidogo kama jicho la panya. Alikiona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza swali.

Alimsogeza kaka yake hatua kwa hatua. Wachimbaji wengine waliacha kupiga. Wakageuka wote.



Joho jeupe likaziba njia, maneno yakajitokeza juu yake. Wewe ni mtu?

Akaandika upesi, bila kufikiri: Na wewe je? Anayedai ndiye anayethibitisha.

Mlinzi alisimama... akasimama... kisha akapisha. Labda misukule hawabishani.

Lango lilifunguka. Mchimbaji akatoka, kioo kikawa cheusi. Simu ya Wakili ikalia papo hapo.

"Mwanangu!" Mama alikuwa akilia na kucheka. "Kaka yako kaomba maji! Kaniita mama!"

Wakili aliruka kwa furaha. Fundi hakuruka. Alikuwa akikitazama kitaa chekundu.

"Umeshika kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Kwani vipi?"

Mzee alitoa kadi drooni akamkabidhi kwa mikono miwili, polepole, kama anayempa mtu pole.

Nyumbani kaka alikuwa mezani, amekonda, anakunywa chai kama aliyetoka safarini.

"Mama, huyu vipi? Tangu aingie hajasema neno. Wakili kanyamaza! Andikeni tarehe!"

Mama akacheka. Wakili akatabasamu. Simu ya kaka ikaita ujumbe, naye akausoma kwa sauti.

"Ni fundi. Anasema, 'Kioo cha dirishani kimewaka chenyewe. Kuna mchimbaji mpya, hatukumfundisha. Hachimbi tu, anabishana na kila anayepita.'" Kaka akapiga paja. "Huyo kama ndugu yako kabisa! Eti Wakili?"

Wakili alifungua kinywa ajibu.

Hakikutoka kitu.

Juu ya meza, karibu na kikombe, kidole chake kiligonga. Gonga, gonga... kimya...

Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka.