Dirisha la Fundi Viatu

Siku miguu ya baba ilipoanza kumkimbia, alirudi nyumbani na kandambili moja.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi jioni. Aliingia uani akipiga mluzi, mfuko wa nyanya mkononi. Mama alikuwa anapepeta mchele. Alimtazama toka juu hadi chini.

"Baba watoto, kiatu cha pili umemwachia nani?"

Baba akainama. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa vumbi.

"Mbona sikusikia chochote?" alisema.

Mama alicheka hadi ungo ukamponyoka. "Fundi viatu mzima! Watu wakijua, nani atakuletea kazi?"

Mara muuza nyanya akafika mbio, kandambili mkononi. "Fundi, hii imekataa kukufuata!"

Tulicheka sote. Nilikuwa kidato cha pili, na nyumba yetu ilikuwa ya kucheka. Lakini baadaye nilimwona baba amekaa kizingitini. Alikuwa anabonyeza nyayo zake kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza soli mpya. Hakuwa anacheka tena.

Karakana yetu ilikuwa chumba cha mbele. Baba alibandika soli. Mama alikaa kando yake, akibandika bitana za ndani. Kopo la gundi lilikaa wazi katikati yao kutwa nzima. Gundi hupakwa pande zote mbili, husubiriwa ikauke kidogo, kisha soli hugandamizwa. Punje moja ya mchanga ikiingia, soli itabanduka.

Mwaka ule barabara ya mbele ilichimbwa. Vumbi likawa adui yetu. Basi baba alifunga dirisha na kutundika pazia zito mlangoni. Soli zetu hazikubanduka hata moja. Tulijisifu sana.

Baba alisema kosa ni la kandambili zake. "Natembea kama juu ya pamba," alisema. Alizibandua, akazitia soli mpya. Wiki iliyofuata akazibandua tena. Alifanya hivyo mara tatu, na kila mara alipaka gundi upya, mlango umefunikwa, dirisha limefungwa.

Kisha ganzi ikafika vidole vya mikono. Siku moja sindano ilimchoma, damu ikadondoka kwenye kiatu cha mteja, naye akaendelea kushona. Mama ndiye aliyeiona. Siku ile hakuna aliyecheka. Mikono ikifuata miguu, fundi hana kazi, nasi hatuna chakula.

Mjomba alikuja kutujulia hali. "Shemeji, hapa pana mkono wa mtu," alinong'ona.

"Mtu gani?" baba akamjibu. "Viatu vya mtaa mzima viko kwangu. Anayenichezea atatembea peku."

Alikwenda zahanati. Walimpima sukari, kwa sababu sukari nyingi mwilini huweza kuleta ganzi miguuni. Sukari yake ilikuwa sawa. Akapewa vidonge vya vitamini. Alirudi akiimba. Wiki mbili zikapita, na ganzi ikapanda ikapita vifundo vya miguu. Safari ya pili nilimsindikiza, na mama akaja.

Pale zahanati palikuwa na muuguzi aliyeitwa Maswali, kwa sababu hakuchoka kuuliza.

"Ilianza lini? Mguu mmoja au yote miwili? Unakunywa pombe? Kuna dawa unatumia?"

"Dada, nimekuja kutibiwa au kushtakiwa?" baba alimuuliza.

"Vyote viwili," alijibu, akacheka. Kisha akasema taratibu, "Mzee, sukari kuwa sawa si mwisho wa kutafuta. Tumefunga mlango mmoja tu. Ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, au mdomo ukaenda upande, au maneno yakakwama, kimbia hospitali saa ileile. Hii yako inakuja polepole, na inapanda miguu yote miwili. Kuna kitu kinaiita. Tukitafute."

Akanigeukia. "Wewe unajua kuandika. Chukua daftari. Kwa siku kumi na nne, andika kila dalili. Imekuja saa ngapi, alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini. Usiandike unachodhani. Andika unachoona."

Nilianza siku ileile. "Jumatatu, saa nane, kichwa kinamuuma. Yuko kazini." Mama alichungulia begani kwangu.

"Na mimi niandike! Au kichwa changu ni cha bandia?"

Kwa utani tu, nikamwandika. Wiki ile tulikwenda kumsalimia shangazi, tukakaa siku tatu. Niliandika, "Hakuna kichwa. Wote wawili." Tuliporudi, kabla ya saa sita mchana, vichwa vyote viwili vilikuwa vinauma.

Siku kumi na nne zilipotimia, tulirudi zahanati sote watatu, na muuguzi akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Akasimamisha kidole.

"Hiki kichwa cha mama kinafanya nini humu?"

"Alitaka naye aandikwe," nilisema.

"Mama, hebu nionyeshe vidole vyako. Vikoje?"

Mama alivikunja vidole vyake. Akatazama sakafu. "Kama vina sisimizi ndani," alisema. "Tangu mwezi jana."

Baba akamgeukia. "Mke wangu! Na hukuniambia?"

"Nyumba moja mgonjwa mmoja anatosha."

"Sasa tumepata," muuguzi alisema. "Watu wawili, chumba kimoja. Kesho nakuja kwenu."

Alikuja. Alifunua pazia, akaingia hatua moja, akarudi nyuma akifuta machozi.

"Mnafunga dirisha?"

"Vumbi, dada," baba alisema.

"Na mikono mnanawa kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya kuyeyushia gundi. Yanatoa haraka."

Akatuketisha uani. "Baadhi ya gundi hutoa hewa yenye sumu," alisema. "Huingia kwa pumzi, na yale maji hupita hata kwenye ngozi. Sumu hiyo huumiza mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari toka mwilini hadi kichwani. Mishipa mirefu huumia kwanza. Ndiyo maana ilianzia miguuni. Lakini mimi si wa kusema neno la mwisho. Nendeni wote wawili hospitali kubwa, na hilo kopo la gundi mlichukue, limefungwa vizuri."

Daktari alimgonga baba magotini kwa nyundo ndogo ya mpira. Miguu haikuruka.

"Daktari naye ana nyundo," baba alisema, "ila haijawahi kupiga msumari."

Walipima damu, walipima mishipa, wakasoma maandishi ya kopo. Muuguzi alikuwa sahihi. Daktari alisema hali inaweza kuzidi kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha gundi, kisha ianze kurudi nyuma. Tusikate tamaa.

Dirisha likafunguliwa. Kwa miezi mingi baba na mama hawakugusa gundi kabisa. Walishona tu kwa uzi. Kazi ya kubandika tulimpelekea fundi mwenzake mwenye banda la wazi, naye tulimfundisha kufunika kopo lake na kunawa kwa sabuni. Mama alimwagia maji barabara ya mbele kila asubuhi ili vumbi litulie. Baba alimtengenezea fundi huyo sanduku la kuanikia viatu, akalizungushia kitambaa cha chandarua. Hewa ilipita, mchanga haukupita.

"Hivi tulikuwa tunaliogopa vumbi?" mama alisema. "Kitambaa tu!"

Sisimizi wa mama waliondoka mapema. Ganzi ya baba ilizidi kwanza, kama tulivyoambiwa. Kisha ikasimama. Kisha ikaanza kushuka, polepole mno.

Mwezi wa kumi na moja tangu tuache gundi, baba alikuwa amejilaza kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana. Mama alichomoa njiti moja ya ufagio. Akanikonyeza. Akaipitisha kwenye unyayo wa baba.

"Nani huyo!" Baba aliruka kama amemwagiwa maji ya moto.

Mama alikaa chini pale pale, akicheka na kulia. "Rudia," baba alimwambia, akinyoosha mguu mwingine. "Rudia, na huu!"

Baada ya hapo alifanya kazi miaka ishirini na miwili. Alifariki mwaka juzi, uzee tu, viatu vyake vyote viwili vikiwa chini ya kitanda.

Karakana sasa ni yangu. Kila asubuhi, kabla ya kufunua kopo, nafungua dirisha.