Katapila la Machimboni

Rafiki yangu mmoja, dereva wa trela tunayemwita Bingwa, alitumwa kuhamisha katapila la kuchimbia. Shemeji yake, aliyekuwa akiliendesha, alilipakia kwenye trela, akaruka chini upesi.

"Shemeji, hili nikilizima linaendelea kunguruma."

Bingwa alisonya. "Mwanamume mzima unaogopa chuma. Sijui dada yangu aliona nini kwako."

Alilifunga minyororo, akaing'oa betri yake kwa kejeli, akaondoka. Njiani, ndani ya handaki la barabara, penye giza totoro, akasikia kitu kinakwaruza paa la lori, polepole, kama kucha. Alisimama, akashuka na tochi. Minyororo ilikuwa imekaza vilevile. Lakini mkono wa katapila, uliokuwa umekunjwa, ulikuwa umenyooshwa mbele, na meno ya ndoo yake ya kuchotea udongo yamelala juu ya paa, pale pale anapokaa yeye.