Mume Wangu Aligawa Dawa ya Mwanetu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mkulima, na nyumba yetu iko karibu na stesheni ya Malaba. Wasomaji wenzangu, habari hii sijamweleza mtu yeyote kwa ukamilifu. Hata ninapoandika sasa silii. Machozi yaliisha zamani... yakabaki macho tu.

Mtoto wetu wa kwanza, Omuse, alikuwa na miaka sita alipoanza kuvimba taya. Tulidhani ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi, mpaka jicho la upande ule likasukumwa juu. Mume wangu, ambaye hupakua mizigo pale stesheni, alitupandisha treni, mimi na mtoto, tukaenda hospitali kubwa Kampala. Huko wakasema ni kansa. Neno hilo sikulijua. Nilielewa tu nilipoona wodi nzima ya watoto wenye nyuso kama ya mwanangu.

Dawa zilitoka katika chumba kidogo kando ya wodi. Mwenye chumba hicho alikuwa mzee mmoja Mganda, mpole, aliyempima kila mtoto kwenye mizani kabla ya kumtayarishia dawa yake. Omuse alidungwa sindano. Alitapika, nywele zikatoka, mdomo ukajaa vidonda... Lakini uvimbe ulinywea siku hadi siku, mpaka uso wa mwanangu ukarudi. Mimi mama yake nilikuwa nimeanza kuusahau.

Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, yule mzee alinipa chupa ya vidonge.

"Nyabo," aliniambia, kama Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "usione uso umepona ukadhani ugonjwa umekwisha. Bado umejificha ndani. Vidonge hivi nimevipima kwa uzito wa mwili wake. Avimeze vyote, kisha umrudishe."

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu maneno hayo, neno kwa neno.

Hatukukaa sana, habari ikaja kutoka kwetu Angurai kwamba mama yangu ameanguka na kuvunjika mguu. Hakuwa na binti mwingine ila mimi. Nikamwachia mume wangu mtoto na chupa ya dawa. Alikuwa baba mwema, hanywi pombe, hapigi mtu. Ningekuwa na wasiwasi gani?

Niliporudi, chupa ilikuwa tupu. Mume wangu alisema mtoto amemeza vyote. Omuse alikuwa anacheza uani, nywele zimeanza kuota. Nikamshukuru Mungu...

Siku ya soko nilikutana na wifi yangu Amoit, dada ya mume wangu, aliyeolewa Busia. Alikuwa na binti yake mdogo, Atyang. Nilijua mtoto huyo naye alikuwa amevimba shavu, na kwamba baba yake alikataa kabisa mambo ya hospitali. Sasa shavu lilikuwa limenywea. Amoit alinishika mikono yote miwili.

"Mama Omuse, sijui nikushukuru namna gani," alisema. "Ndugu yangu aliniambia ni wewe uliyesema tugawane vile vidonge."

"Vidonge gani?"

"Vya Omuse. Nusu kwa nusu."

Aliutazama uso wangu, akaiachilia mikono yangu polepole. "Kumbe hukujua?"

Nilinunua chumvi niliyokuja kununua, nikarudi nyumbani.

Mume wangu hakukana. Alisema Omuse alikuwa ameshapona, anakimbia na wenzake, na mtoto wa dada yake alikuwa anakufa. "Ningekaa nimwangalie tu?" aliniuliza. Nami nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema alijua ningekataa.

Wiki ile ile tumbo la Omuse lilianza kuvimba. Nilimrudisha Kampala. Mzee wa dawa aliuliza kama mtoto alimeza vidonge vyote, nami nikamwambia ukweli. Alivua miwani yake.

"Na huyo msichana, mbona hamkumleta?" alisema. "Angepimwa, akapewa vyake. Dawa ilikuwepo."

Dawa ilikuwepo...

Omuse alidungwa tena, lakini safari hii ugonjwa haukusikia dawa. Asubuhi moja aliniuliza kama baba yake atakuja na treni ya mchana. Nikamwambia atakuja. Alikuja kweli, lakini Omuse hakumngoja.

Baada ya mazishi nilikwenda Busia, nikamchukua Atyang. Baba yake alifoka, mimi nikawa namfunga mtoto viatu. Nilimpeleka Kampala mwenyewe, nikakaa kando ya kitanda chake katika wodi ile ile. Mzee alimpandisha kwenye mizani bila kuniuliza kitu. Watu walisema nina moyo mkubwa. Si kweli. Siku hizo sikuwa na moyo wowote. Nilifanya tu kazi iliyokuwa imebaki.

Atyang alipona. Sasa anasoma, na akija kwetu ananiita mama. Namtengea chakula, naye anakula. Ninapomtazama sisikii uchungu, wala sisikii furaha. Na mume wangu hatugombani. Laiti tungegombana...

Ndugu zangu mnaosoma, nawaomba. Dawa iliyopimwa kwa mtoto mmoja isigawanywe, hata kama unayempa unampenda kama nafsi yako. Mgonjwa wa pili naye apelekwe. Na msidanganyike mnapoona uvimbe umenywea. Malizeni dawa, mrudi mlikoambiwa.

Na wewe mwanamume, usimfiche mkeo jambo kama hili kwa kuwa unajua atakataa. Mimi najijua. Kweli ningekataa, na pengine ningelia na kukutukana. Halafu ningesema: mlete huyo mtoto, nitawapeleka wote wawili.